Kuni za Wiki Moja

Mwanangu, masika yakianza kunguruma hunijia asubuhi moja ya ujana wangu, miaka ya themanini, nilipokuwa mchochea moto katika kiwanda cha katani huku Kilifi. Kiwanda kilijifulia umeme wake: kuni zilichemsha maji, mvuke ukazungusha mtambo, na mashine za kukwangua katani zikaenda. Kuni zikiisha, kila kitu husimama, na vibarua vyetu navyo.

Basi zikaisha. Kiangazi kizima malori yalileta kuni kutoka Jilore, zikachomwa zote bila akiba. Mvua zilipoingia, njia ikawa tope tupu, lori halipiti. Msimamizi wetu Mutua, mtu wa bara, akaonyesha kaya, msitu wetu mtakatifu. "Si pale kuna msitu?" Hakujua, maskini. Sisi wenyeji tulijua kaya haikatwi hata ufito, lakini njaa ilitutisha zaidi. Tukaenda naye kumwomba ruhusa Mzee Kalume, mlinzi wa kaya.

Mzee alipokea shikamoo zetu, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mkiukata wote, mtambo utakwenda muda gani?"

"Labda wiki," akajibu Mutua.

"Na wiki ya pili mtataka nini? Boriti za nyumba yangu?"



"Mwanangu Charo anafanya kazi humo humo kwenu," akaendelea Mzee. "Asipolipwa, hata mimi sili. Lakini wazee wetu wamezikwa mle, siwavui kivuli chao kwa ajili ya wiki moja. Kiangazi mlikuwa wapi?"

Kiwanda kikafungwa hadi mvua zilipokatika. Charo alikwenda Kikambala kutafuta kazi hotelini, akakosa, akarudi. Nilimwona baba yake akila muhogo mtupu, na neno lake hakulibadili. Iliniuma, tena sana. Mwaka uliofuata wenye kiwanda walipanda mivinje yao wenyewe, miti ya kuni.

Wewe sasa unasomea umeme, mwanangu. Ukikabidhiwa mtambo, usiulize una nguvu gani tu. Uliza mtambo huo utakula nini leo na mwakani, na nani atanyang'anywa ili ushibe. Ukikosa jibu, waambie wakubwa wako kabla watu hawajaajiriwa, maana kumwita mtu kazini ukijua kuni ni za wiki moja ni kumdhihaki yeye na watoto wake. Mungu akupe ulimi wa kweli, na siku ukweli huo utakapokulaza na njaa, akupe subira ya kutoumeza.