Msiba Uliofikishwa Kabwe

Teodori alikaa kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri zamu zahanati. Mwanawe Flavian aliendesha. Binti yake Rozina alikaa nyuma pamoja na gunia la ulezi na jogoo aliyefungwa miguu. Walikuwa wametoka Kate, kijijini kwao milimani, alfajiri. Mzee alitaka wapite njia yake ya ujanani: Kirando kwanza, halafu mwambao wa Ziwa Tanganyika mpaka Kabwe, kwa shemeji yake Yusto.

Watoto walijua kilichomsukuma. Mama yao Hellena, mzaliwa wa Kabwe, alifariki mwaka jana wakati wa mvua za Machi. Barabara ya kushukia ziwani ilikuwa imekatika, wakamzika Kate. Yusto, kaka yake wa pekee, hakuja kwenye matanga, na tangu siku hiyo hakupokea simu yao hata moja. Teodori hakutaka kuingia kaburini akiwa ametupwa na wakwe zake.

"Bila Yusto," alimwambia Rozina, "ni kama mama yenu nilimwokota njiani."

Walipofika Kirando mzee alishuka, akatembea sokoni hadi penye kibanda cha kuuza vocha, akasimama.

"Mama yenu alikuwa anakaa hapa na migebuka yake. Mimi nimeleta maharage kwa baiskeli. Nikanunua samaki, nikaondoka, nikarudi kununua tena. Na tena."

"Samaki wote hao ulipeleka wapi?" Flavian aliuliza.

"Waliniozea njiani. Bibi yenu akanifukuza na kapu langu."

"Ndiyo maana mama alikuwa anakuita mteja!" Rozina alicheka.

Mbele zaidi walisimama kwenye kijiji ambako Teodori na Hellena waliishi mwaka wa kwanza wa ndoa, na Rozina akazaliwa. Ziwa lilikuwa limepanda miaka ya karibuni. Pale palipokuwa na nyumba palikuwa na maji, na mtumbwi mmoja umefungwa kwenye kisiki cha mpapai.

"Kwa hiyo mimi nimezaliwa ziwani," alisema Rozina, "kama kambale."

"Kambale ana adabu. Wewe ulilia mwezi mzima."

 Walipokaribia Kabwe mzee alimwomba Flavian apunguze mwendo, ingawa gari lilikuwa linatambaa tayari.

Yusto alikuwa nje ya nyumba yake akishona wavu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akawasogezea vigoda. Kisha akamtazama Teodori. "Karibu, mzee."

Mzee! Mtu ambaye kwa miaka yote alimpokea kwa matusi ya kishemeji, akimwita nyani wa milimani na kumuuliza kama ameshuka kunywa maji. Teodori aliona afadhali angefukuzwa. Akaanza maneno aliyoyapanga mwaka mzima.

"Barabara ilikatika, shemeji. Ndiyo maana tulimzika kule. Tungeweza..."

"Nani kakuuliza kaburi?" Yusto alimkata. "Mwanamke huzikwa kwa mumewe, nalijua hilo." Aliweka wavu chini. "Mimi dada yangu kafia kwenye simu. Niko mwaloni napima dagaa, simu ikalia, nikafungua nikidhani ni watu wa kukopesha salio. 'Mama hatunaye tena.' Basi! Hata msiba wa jirani una miguu, unakuja na mtu. Mlangoni kwangu alisimama nani?"

Flavian aliinamisha kichwa. Ujumbe ule aliutuma yeye, kwa ndugu wote kwa mara moja.

"Mjomba, njia ilikuwa..."

"Njia ilifunguka Mei. Mei ipi tena unasubiri?"

 Mwaka mzima Teodori alikuwa akijitetea kwa kosa ambalo hakuna aliyemshtaki nalo.

"Nifanyeje, shemeji?"

"Sijui. Mimi sijaambiwa kitu."

 Teodori akainuka, akatoka nje ya ua hadi barabarani. Flavian alidhani baba amekata tamaa, akashika ufunguo wa gari, Rozina akamzuia. Mzee alivua kofia yake, akageuka, akaja polepole kama mtu anayefika kutoka mbali. Mbele ya mlango akapiga magoti na kupiga makofi ya taratibu, kama Wafipa wanavyofanya mbele ya wakwe.

"Hodi hapa."

Yusto aliitikia. "Karibu. Unatoka wapi?"

"Kate."

"Kwema huko?"

"Si kwema, shemeji. Nimeleta msiba. Hellena amefariki."

Yusto alijishika kichwa kwa mikono miwili. Mke wake, aliyekuwa akisikiliza ndani, akapiga yowe. Wanawake wa nyumba za jirani walitoka wakijifunga kanga viunoni, wakiuliza ni nani. Hellena, waliambiwa, Hellena wa Kate. Wengine walikuwa wamesikia zamani, lakini walilia wote, kama amefariki asubuhi ile. Rozina alilia nao, kwa sauti ambayo hakuwa nayo siku ya mazishi.

Yusto alitandika mkeka, akamshika Teodori mkono na kumketisha. Kisha akajifuta uso na kumgeukia mpwa wake.

"Flavian, ondoa gari hapo njiani. Watu wanakuja."