Kengele ya Mbuzi Shingoni mwa Teria

Nianze na aibu yenyewe, nisikuzungushe. Siku chui alipokuja kwangu, mimi mwenye kilo themanini nilijifungia chooni, na mbwa wangu mwenye kilo sita nikamwacha nje. Mlango wa choo chetu ni bati tupu, hauna komeo. Niliushikilia kwa mikono miwili.

Mbwa mwenyewe ni teria, wale wadogo wa kizungu wenye manyoya kama brashi ya viatu. Nilimpata kwa mama mmoja wa Karatu mjini, jike lake lilikuwa limezaa. Hakutaka hela, alitaka majibu.

"Kwako kuna uzio?"

"Upo, mama."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Shule niliishia kidato cha pili, lakini kwenye uongo nina digrii. Uzio wangu ulikuwa miti ya manyara upande wa barabara. Upande wa msitu wa Ngorongoro ulikuwa hewa.

Kumtunza nilimtunza, hapo sidanganyi. Chanjo ya kichaa alipata, dawa ya minyoo alipata, kupe nilimtoa mwenyewe kwa vidole. Nilimchana kwa chanuo la mke wangu mpaka mwenye chanuo akaninunia siku mbili. Tatizo, teria anapenda mashimo. Akinusa fuko shambani anachimba mpaka unaona mkia tu. Nikachoka kumtafuta kwenye maharage, nikamfunga kengele ya mbuzi shingoni. Nikajiona fundi.

Rafiki yangu, jirani wa ng'ambo ya korongo, alipoiona hakucheka. Na huyo hucheka hata msibani.

"Kaka, wiki hii umemsikia mbwa wangu akibweka?"

"Hapana."

"Hayupo. Wa mzee wa pale juu naye hayupo. Waliobaki wote wamenyamaza, wanajua kuna nini. Wa kwako tu ndiye anapiga muziki. Toa hiyo kitu."

Nikasema nitaitoa kesho.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Mke wangu alikuwa ameshaenda sokoni. Nilikuwa chooni, kengele naisikia kule kwenye maharage, kili, kili. Mara kuku wakanyamaza wote pamoja. Nikachungulia kwenye tundu la bati, nikaona madoa yanapita taratibu, kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Yalikuwa yanaifuata kengele.

Badala ya kupiga kelele, nikaushikilia mlango kwa mikono miwili. Kengele ikalia haraka haraka, halafu kimya.

Sijui nilikaa mle muda gani. Aliyenitoa ni rafiki yangu, alisikia kengele imekatika ghafla, akaja na panga huku akigonga debe. Ilibidi auvute mlango kwa nguvu, maana mikono yangu ilikataa kuachia.

Kwenye maharage tukaikuta kengele chini, kamba imekatika. Pembeni kulikuwa na shimo, na udongo wake umeparuliwa na kucha ambazo si za mbwa. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono mpaka begani. Kitu kikaning'ata kidole.

Sijawahi kufurahia kung'atwa namna ile! Nikamvuta nje, mzima, udongo mpaka kwenye meno, nikawa nacheka na kulia.

Rafiki yangu alikuwa anazifuata nyayo kwa macho. Hazikurudi msituni. Zilikwenda chooni, zikakizunguka mara mbili.

"Mbwa kamkosa," akasema. "Lakini wewe, kaka, ameshajua unapojisaidia. Na ameshajua huo mlango unaushika kwa mikono."