Maji ya Sukari Kabla ya Kamera

Miaka ile ya ruksa, mabanda ya video yalipoota Tukuyu kama uyoga, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kamera ya kupimia utumbo inaonyesha kila kitu ulichokula tangu uachishwe ziwa. Nilisikia pale stendi: eti mzee mmoja wa Masukulu alipimwa Mbeya, daktari akamtajia mpaka kuku wa jirani aliyemla enzi za ujana. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, cheti kimening'inia sebuleni, sikucheka. Nilizunguka kuwaeleza watu kisayansi jinsi inavyowezekana!

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa naona damu chooni, na kaka yangu alianza hivyohivyo, akanyamaza kwa aibu mpaka tukamzika. Nikaapa: mimi nitapimwa, hata kama kamera yenyewe ni nene kama bomba la maji. Tatizo nilikuwa na kisukari pia. Miaka ya foleni tuligombania sukari nusura tutoane macho. Sasa maduka yamejaa magunia mpaka mlangoni, nami ndiyo nimepigwa marufuku.

Kliniki waliniambia siku moja kabla ya kipimo nisile kitu: ni maji, chai ya rangi na supu iliyochujwa tu. Wakaongeza, "Ukianza kutetemeka, kunywa maji ya sukari." Hapo nikatabasamu. Nilijua ni mtego. Wanataka waione kwenye video, waseme mzee huyu hafuati masharti, arudi kwao.

Sasa kwetu, ikisikika mtu anakwenda hospitali, majirani hawaji mikono mitupu. Mbalaga, zile ndizi zinazopikwa na nyama, ziliingia sufuria kwa sufuria, na kukataa chakula cha mtu ni kumtukana. Nikapokea kila sahani kwa mikono miwili, nikasema ndaga fijo, asante sana, nikaipitisha kwa mke wangu kama tunapokezana matofali. Harufu peke yake ingeweza kunenepesha ng'ombe. Kisha ikaja dawa ya kuharisha niliyopewa kliniki, ya kusafisha utumbo. Mvua ya Tukuyu haina adabu. Nilikimbilia chooni na mwavuli hadi kile kijia cha kwenye migomba kikawa barabara ya kupita lori.

Jioni, pamoja na baridi ile, jasho likanitoka. Mikono ikatetemeka. Penye mke mmoja nikaona wawili, na wote wameshika kikombe.

"Kunywa, mume wangu."

"Sinywi! Kesho itaonekana."

"Itaonekana wapi?"

"Kwenye video!"

Akaenda kumwita jirani yetu mwenye duka, Mwislamu ambaye kila Ramadhani mimi humtania kwamba ananenepa kwa daku. Akaja, akanikagua toka mlangoni.

"Ebo! Ndiyo kufunga gani huku?"

"Shehe, niache. Nikinywa watanifukuza, nisijue kama ninacho kile kilichomwondoa kaka."

"Na ukifa leo ndiyo utajua? Sisi tunaofunga kwa amri ya Mungu, mgonjwa wetu anafungua. Wewe umeamriwa na nani, banda la video?"

Mke wangu akaangua kicheko, lakini macho yake yalikuwa yamelowa.

"Kunywa, msomi wa jioni!" jirani akasema. "Wakikufukuza, nitakwenda kupimwa mimi badala yako."

Nikanywa, nimefumba macho kama anayekunywa sumu. Walipomaliza kunicheka dunia ilikuwa imetulia, na mke wangu amerudi kuwa mmoja.

Kesho yake, huko Mbeya, nililala ubavu, meno nimeyauma, macho kwenye televisheni. Ikatokea njia ya waridi, inang'aa, mikunjo kwa mikunjo. Nikatafuta sukari. Nikatafuta mpaka miwa ya utotoni. Mwisho uvumilivu ukaniishia.

"Daktari, nikwambie kabla hujaiona. Jana nilikunywa maji ya sukari."

Daktari hakucheka. "Mzee wangu, kamera hii haioni ulichokula. Inaona ukuta wa utumbo tu, na wako hauna uvimbe. Damu ile ni ya bawasiri, tutaitibu. Na sukari ikishuka, unakunywa maji ya sukari, kama ulivyoambiwa."