Kompyuta ya ushirika imenizika

Leo kompyuta ya ushirika imesema nimekufa.

Nilifuata miche yangu ya kahawa. Karani akauliza mwaka niliozaliwa.

"Mwaka wa nzige!"

Akaandika hivyohivyo, mpumbavu.

Kumbe kompyuta inataka namba. Ikautupa mwaka, ikatafuta jina peke yake. Kwenye skrini akatokea marehemu bibi yangu, niliyerithi jina lake.

"Mama, hapa wewe ni marehemu," karani akaniambia.

"Marehemu anabisha hivi? Soma kadi yangu ya kura!"

Akajaza mwaka wa kwenye kadi. Nikatokea, hai.

Lakini kwenye rekodi ya bibi paliandikwa: miche ishirini, imechukuliwa leo asubuhi. Karani anaapa hajampa mtu.

Nimerudi nyumbani. Mgombani, juu ya kaburi la bibi, miche ishirini imepandwa. Udongo bado mbichi.

Nani kapanda? Msinicheke, semeni!