Kitabu cha Kapteni na Jina la Juma Ntahombaye

Siku yangu ya kwanza kazini nilizabwa kofi kwa kusoma upesi. Nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya mfanyabiashara mmoja hapa Rumonge, kitabu mapajani, wazee wamejaa kwenye mikeka, na mimi kijana mwenye kiburi cha kujua herufi nikauparamia ukurasa mzima bila kupumua. Shehe Masudi, aliyekuwa mkubwa wetu sisi wasomaji, akaninyanyukia.

"Wewe, unakimbizwa na nani?" akanifokea, mkono wake ukiwa bado hewani. "Umetaja marehemu chungu nzima, hukumpa mtu nafasi ya kuwaombea hata mmoja. Hao ni watu, si magunia ya chumvi!"

Nawaambia ninyi vijana kwa sababu nawaona siku hizi mnasoma kimya kimya, kila mtu na kona yake, kama mtu anayekula nyama kwa kujificha. Zamani zile za Wadachi, yaani Wajerumani, kitabu kilikuwa cha watu wote. Vitabu vilitoka pwani na misafara, vikapitia Ujiji, vikavushwa kwa mtumbwi mpaka huku kwetu, vimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wachache walijua kusoma, kwa hiyo palikuwa na kazi ya msomaji wa baraza, na mimi niliifanya kazi hiyo mpaka boma liliponichukua.

Tulisoma vitabu vya namna mbili. Tarikhi ni habari za miji na tawala: nani alihamia wapi, nani alimpiga nani. Sira ni maisha ya mtu mmoja tangu kuzaliwa mpaka kaburini. Kila msomaji alipotaja jina la mtu aliyekufa alipaswa kunyamaza. Kunyamaza huko tulikuita kituo. Watu waliitikia, "Mungu amrehemu," kisha yeyote aliyemjua, au aliyesikia habari zake kwa wazazi wake, alisema, "Mimi namjua," akamshuhudia, kwa wema au kwa ubaya. Msomaji haruhusiwi kuendelea mpaka maneno yaishe. Wakikubaliana kwamba kitabu kimekosea, Shehe Masudi aliandika maneno yao pembeni mwa ukurasa. Vitabu vyetu vya Rumonge vilikuwa na maandishi mengi pembeni kuliko katikati, na watu wa Ujiji walitucheka kwa hilo. Wacheke! Sisi tulijua tunachosoma.

Huko barazani ndiko nilikojifunza kuvichukia vitabu vingine. Sira iliyoandikwa mwenyewe akiwa hai, bakora mkononi, hiyo si sira, ni ngoma ya kujisifu. Na tarikhi ambayo ndani yake hakuna hata mtu mmoja aliyelala na njaa, itupe ziwani samaki waisome.

Nilipojua na herufi za Kizungu, boma lilinichukua. Kwanza nilipelekwa kambi ya Nyanza, kusini mwa hapa, chini ya Effendi mmoja. Effendi alikuwa mkubwa wa askari weusi, mtu wa mbali, mrefu, mkali kama pilipili. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea askari amri zinazotoka juu. Mara ya kwanza nilitaja jina la askari aliyekufa safarini, nikanyamaza kama nilivyofundishwa.

"Umeziba koo?" Effendi akaniuliza.

"Naweka kituo, Effendi. Wamuombee."

"Amri haina kituo! Amri ni mbele, mbele, mbele!"

Basi nikasoma mbele, mbele, mbele. Baadaye nikahamishiwa huku Rumonge, nikawa chini ya Bwana Shauri, ndiye Mzungu aliyesikiliza kesi za watu. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa mpole wa sauti, anavuta kiko, anakuuliza habari za watoto wako, halafu anakuumiza. Watu wa namna hiyo mimi siwawezi kabisa.

Siku moja akanipa kitabu kilichoandikwa kwa mkono. Kilikuwa sira ya Kapteni fulani aliyewahi kukaa huku ziwani kabla yake, kisha akarudi kwao Ulaya akafia huko. Rafiki zake walikuwa wamekusanya habari zake na karani mmoja amezitia katika Kiswahili.

"Utakisoma mbele ya watu," Bwana Shauri akasema. "Nataka kujua kama wanaelewa maneno. Wakielewa, nitakipeleka pwani kipigwe chapa. Watoto wa shule watajifunza kusoma kwa kitabu hiki."

Nikakaa nacho chini ya ukumbi wa boma, nikakisoma. Loo! Kapteni alilima barabara, Kapteni aliponya wagonjwa, Kapteni alipendwa mpaka na mamba. Nikavumilia. Nikafika mahali panaposema kwamba huku Minago palikuwa na mwizi jina lake Juma Ntahombaye, aliyekuwa akiwaiba watu usiku na kuwauza ng'ambo kwa wafanyabiashara wa watumwa, na kwamba Kapteni alipomfuata, mwizi yule alikimbia kama panya akatumbukia majini akafa kwa woga wake.

Juma Ntahombaye alikuwa fundi wa mitumbwi pale Minago. Askari wa Kapteni walipokuwa wakikamata watu wa kubeba mizigo, wakiwafunga kamba shingoni, wengine hawarudi tena, Juma aliwavusha watu ziwani mpaka Ubwari, upande wa Kongo. Hakuuza mtu. Alivusha wake kwa waume, wenye kitu na wasio na kitu. Mama yangu mzazi alivushwa na yeye, mimi nikiwa mgongoni. Na hakufa kwa woga. Walimpiga risasi ufukoni, mchana, akikisukuma chombo kilichojaa watu ili kiondoke, yeye akabaki.

Nikamwendea Bwana Shauri. "Bwana, hapa pana uongo."

Akaweka kiko chini. "Ulikuwepo?"

"Mama yangu alikuwemo mtumbwini."

"Mama yako anajua kusoma?"

"Hajui, Bwana."

"Basi," akatabasamu, "kitabu kinajua zaidi."

Mpaka leo nikikumbuka tabasamu lile natamani kupasua kitu. Maiti haulizwi sanda, wahenga walisema, lakini huyu hakuvishwa sanda, alivishwa matope!

Juma aliacha binti, Zaina, aliyeolewa hapa Rumonge akawa anauza mawese sokoni. Nilimkuta ameinamia mtungi wake. Nikamwambia yote, neno kwa neno, kwa sababu mwanawe Saidi alikuwa tayari anasoma shule ya boma, na kitabu kile kikipigwa chapa ndicho kitakachomfundisha habari za babu yake. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Utasoma lini?" akauliza.

"Kesho asubuhi, uwanja wa boma. Naweza kuliruka jina."

"Usiruke! Ukiruka, nani atajua kama wamemtukana? Soma vyote. Lakini ukifika kwa baba, weka kituo."

Asubuhi ngoma ikalia, watu wakaja. Waliitwa kwa nguvu, wa Kizuka, wa Minago, wa hapa mjini, na askari wamesimama nyuma yao. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti chake. Shehe Masudi alikuwa mbele, mzee kweli sasa, mkongojo mkononi. Zaina alisimama karibu naye, khanga amejifunga kiunoni kama mtu anayekwenda shamba.

Nikasoma barabara, nikasoma dawa, nikasoma mapenzi ya watu wote kwa Kapteni. Watu walikuwa wakisinzia. Nikasoma, "Palikuwa na mwizi jina lake Juma Ntahombaye." Nikanyamaza.

Uwanja mzima ulizinduka. Bwana Shauri akanitazama, akanipungia mkono, endelea. Sikuendelea. Ndipo Shehe Masudi akainua uso, akasema kwa sauti yake ya barazani, "Mungu amrehemu." Na watu wakaitikia, wanaume kwa wanawake, hata askari mmoja wa nyuma nilimwona midomo ikimcheza. "Mungu amrehemu."

"Wanasema nini?" akauliza Bwana Shauri.

"Wanamuombea, Bwana."

"Wanamuombea mwizi?"

Zaina akajitokeza mbele. "Mimi namjua," akasema. "Iko baba yangu. Hakuiba mutu. Aliyeiba watu iko huyo munamusoma hapo, alifunga watu kamba kama mbuzi, na baba aliwavusha. Walimuua kule Minago, pa mucanga, na mimi niliona kwa macho yangu haya."

"Na mimi namjua," akasema mvuvi mmoja wa Minago. "Alinivusha na mke wangu."

"Na mimi!" "Na mimi, na dada yangu!" Maneno yakaanza kutoka kila upande, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kirundi. Bibi mmoja wa Kizuka ambaye hakujua Kiswahili hata kidogo alikuwa akipiga kifua chake na kutaja jina tu, Ntahombaye, Ntahombaye. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kuona kituo kama kile. Nilikuwa nimekishika kitabu na machozi yananitoka, na sikuwa na haya.

Bwana Shauri akainuka. Hakupaza sauti. Alitoa amri moja kwa askari, watu wakasukumwa kwa vitako vya bunduki mpaka nje ya uwanja. Shehe Masudi akashikwa kwa kosa la kuchochea fujo, akalazwa chini, akapigwa hamsa ishirini. Hamsa ishirini ni viboko ishirini na vitano vya Wadachi, hesabu yake kila mtu aliijua. Mzee wa watu, mwenye mvi, aliyefundisha nusu ya mji huu kusoma! Nilitaka kumfikia, askari wakanizuia. Baada ya hapo Shehe hakuweza tena kukaa barazani, alisikiliza vitabu akiwa amelala kifudifudi mpaka alipofariki. Mungu amrehemu. Na aliyeamuru, sitamuombea mimi, amtafute mwingine.

Siku iliyofuata Bwana Shauri aliniita. Alikuwa mpole, kiko mdomoni.

"Jina lile linaleta fujo," akasema. "Nimeamua kulitoa."

Moyo wangu, mjinga huu, ukaruka kwa furaha. "Asante, Bwana. Na yale maneno ya wizi?"

"Maneno yatabaki."

Akachukua kalamu mwenyewe, akayakata maneno jina lake Juma Ntahombaye kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika: mshenzi mmoja. Akapuliza wino ukauke, akakifunga kitabu. Baada ya siku chache kikaondoka kwenda pwani.

Zaina nilipomweleza, alikaa chini kwenye vumbi la soko. "Afadhali wangemwacha mwizi mwenye jina," akasema. "Mutu mwenye jina anaombewa. Anatetewa. Hata akilaaniwa, analaaniwa yeye. Sasa huyu tutamushika wapi?"

Asiyekuwepo na lake halipo, na Juma sasa hakuwepo hata pale walipokuwa wakimtukana.

Kitabu kilirudi kimepigwa chapa, jalada gumu, kinanukia gundi. Mimi nilipangiwa kukisomesha shuleni. Watu huniuliza kwa nini nilijiuzulu wakati nilikuwa na nguvu zangu, wakati karani wa boma alikuwa anaheshimiwa na anakula vizuri. Husingizia macho. Macho yangu hayana ubaya wowote, naona mpaka milima ya ng'ambo. Niliacha kwa sababu ya mchana mmoja.

Nilikuwa nimepita kwa Zaina kununua mawese. Saidi ameketi mlangoni na kitabu, anamsomea mama yake kwa sauti, anajivuna, na kwa kweli alikuwa anasoma vizuri, nilikuwa nimemfundisha mwenyewe. Akafika pale pa mshenzi mmoja wa Minago. Akakisoma kisa chote bila kupumua, na alipofika pa kukimbia kama panya akacheka, akageuka kumtazama mama yake ili naye acheke.

Zaina hakumpiga. "Huyo iko babu yako," akamwambia. "Baba yangu mimi. Na hakukimbia."

Mtoto akakitazama kitabu, akapitisha kidole kwenye mistari, akitafuta. "Hapana, mama. Hawajasema ni babu. Wamesema mshenzi mmoja." Kisha akanigeukia mimi, mwalimu wake. "Mwalimu, nani anasema kweli? Mama au kitabu?"

"Mama yako," nikasema. "Babu yako alimvusha mama yangu na mimi. Kitabu kinasema uongo."

Saidi akakifunga kitabu polepole. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua tu, kama mtoto anavyotaka kujua kwa nini mvua inanyesha.

"Basi," akauliza, "kwa nini unatusomea?"

Sikurudi shuleni kesho yake, wala keshokutwa, wala tena. Wadachi wameondoka, wamekuja wengine, na hao nao wana vitabu vyao vyenye majalada magumu. Nikikuta ndani yake "mwenyeji mmoja", "wapagazi kadhaa", "mwanamke fulani", damu inanichemka, nakigonga kitabu kwa kiganja na kukiuliza, nani? Nani huyo? Wanangu wananiona nimerukwa na akili. Lakini swali la mtoto yule sijapata kulijibu, na huu ndio uzee wangu ulivyo.