Msiing'oe check valve: kilichotokea kwenye kisima chetu Maskati

Assalaam aleikum wakuu.

Mimi ni bibi mwenye wajukuu, mnivumilie nikizunguka. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa, na chumvi sitatia.

Nimesoma uzi mmoja humu, mtu anashauriwa aing'oe check valve kwenye pampu ya kisima chake, eti inakaba maji. Tangu nisome sijatulia. Nakaa, nainuka, chai imepoa.

Twende Maskati, mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa bi harusi mpya. Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, wenyeji wakituita Zanjibari, na kila tulichofanya kilitazamwa.

Umeme nyumbani hakuna. Kisima kilikuwa ndani ya ua wetu lakini mtaa mzima ukichota, ndiyo ada ya pale. Ukutani palikuwa na mlango mdogo usiofungwa mchana. Maji yake ya chumvichumvi, si ya kunywa. Ni ya kufulia, kuoshea na kutilia udhu.

Shemeji yangu Nassor, mdogo wa mume wangu, akarudi kutoka Kuwait na pampu ya petroli na tangi la presha.

Kwa wasiolijua: pampu inavuta maji na kuyasukuma ndani ya tangi la chuma, hewa iliyomo inabanwa. Ukizima mashine, ile hewa ndiyo inayoyapeleka maji bombani. Kati ya pampu na tangi inakaa check valve, kilango cha upande mmoja. Maji yakishapita hayarudi.

Nassor akaona maji yanatoka kidogo. Akaifungua valvu, akautoa ulimi wake, akautupa. Maji yakaja kwa nguvu, nyumba nzima tukapiga vigelegele!

Msimcheke sana. Sisi tulizoea bomba la mjini Unguja, la serikali. Unafungua, unafunga, basi. Nani aliwahi kufikiri kuwa maji ya bomba yanaweza kurudi yalikotoka?

Dalili zilikuwepo. Kila asubuhi lazima aimiminie pampu maji ndipo ivute. Presha nayo inashuka mara tu mashine ikizimwa. Yeye akasema mashine mpya zina maringo.

Siku moja ya kufua, wifi yangu karoweka nguo za mtoto wake mchanga kwenye beseni kubwa. Winda zenye choo, naomba radhi kwa wanaokula. Mpira wa bomba umezama mle ndani, bomba liko wazi. Pampu ikaishiwa petroli.

Nimesimama pale pale. Nikaona maji ya beseni yanapungua. Halijatoboka, chini pakavu. Yanashuka tu, mpira unakoroma. Halafu nikasikia maji yanamwagika kule kisimani.



Nikamwita mama mkwe. Akainama, akasikiliza, akanishika mkono. Alasiri ilikuwa inakaribia, na kina mama wa mtaani wangekuja kuchota.

Nassor akataka tunyamaze. "Mama, maji yale mengi. Hayakugeuka rangi wala harufu, hayajanajisika."

"Hukumu ya dini nnaijua," mama mkwe akamjibu. "Lakini wao hawajui kilichoingia. Utawachagulia wewe?"

"Tukisema, tumekwisha hapa. Watasema Zanjibari wametia mavi kisimani."

Sikumlaumu kwa kuogopa. Tungekwenda wapi tena? Nikawa nazunguka ua kama kuku anayetaka kutaga. Natazama mlango, natazama kisima, naomba adhana ichelewe. Haikuchelewa.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Zuwena, jirani wetu wa ukuta kwa ukuta, na ndoo yake. Mama mkwe anatafuta maneno, Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza. Mimi nikajikuta nimeukinga mdomo wa kisima kwa mikono miwili. Nikamwambia yote, winda, mpira, tangi, huku nalia.

Akaiweka ndoo chini. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Binti yangu," akasema, "maji haya yananuka sabuni tangu ilipokuja mashine yenu. Maji ya udhu tunachukua msikitini."

Kumbe haikuwa mara ya kwanza!

Mama mkwe akamuuliza, sasa hizi ndoo za kila siku?

"Tunamwagia ua vumbi litulie. Tungeacha kuja, mngedhani tumekutengeni."

Wakuu, mama mkwe alikaa chini palepale kwenye matope, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile.

Wanaume wa mtaa wakaja, wakakichota kisima pamoja nasi mpaka likabaki tope. Nassor akakata ulimi mpya wa valvu kwenye raba ya tairi.

Basi, somo. Zima pampu, funga mabomba yote, tazama geji. Ikishuka, maji yanarudi, rekebisha valvu kabla ya lolote. Na mpira usizamishwe kwenye beseni.

La jirani ndilo linaloniwasha mpaka leo. Wametustahi, wakatuacha tuoge maji yale na kutilia udhu, sisi na wazee wetu. Sijui niwashukuru au niwagombeze. Nyinyi mngekuwa Bi Zuwena, mngetuambia siku ya kwanza?