Mlango Wangu Kwenye Mchoro wa Mfongo

Jumamosi ya tarehe 5 Julai kikao cha mfongo wetu wa maji kilinipa kazi ya kuchora. Sikuiomba. Mzee wa mfongo, ambaye ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alisoma kwa sauti barua iliyotoka ofisi ya maji, akaikunja mara nne, kisha akatueleza kwamba kibali chetu cha kutumia maji hakitahuishwa mpaka tupeleke mchoro unaoonyesha maji yanatoka wapi, yanapita wapi na yanaingia kwa nani. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa Ijumaa ya tarehe 29 Agosti. Wanaume walitazamana. Mmoja akasema, "Si tunaye msomi hapa?" na vichwa vyote vikageukia benchi la nyuma, nilikokaa na daftari la mahudhurio.

Usomi wangu si siri huku mlimani. Nilimaliza darasa la saba, nikaolewa, na cheti changu cha kidato cha nne kilitoka nikiwa na miaka hamsini na miwili na wajukuu wawili. Cheti cha kompyuta nilikichukua baadaye, mjini Moshi, katika madarasa ya jioni. Vyote nimevitia fremu na kuvitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuviona. Kwa hiyo niliposikia neno "msomi" likitamkwa kwa utani, sikutikisika. Niliandika kazi hiyo kwenye daftari, nikaweka tarehe.

Mfongo ni mfereji wa udongo waliouchimba babu zetu, unaokinga maji ya kijito kule juu karibu na msitu na kuyashusha hadi kwenye vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Kila kihamba kina mlango wake, tundu linalozibwa kwa udongo wa majani na kipande cha gogo la mgomba, na kila mlango una siku yake ya zamu. Mahali maji yanapokingwa panaitwa banio. Tangu utoto tulifundishwa kwamba mwanamke hafiki kwenye banio, na ingawa siku hizi hakuna wa kumtoza faini, mimi sijawahi kufika.

Nami nilikuwa na jambo langu. Mume wangu alifariki Jumatatu ya tarehe 17 Februari, miaka kumi na mmoja iliyopita. Baada ya mazishi mlango wake uliachwa ukaota majani, na maji yakawa yananijia kupitia kwa shemeji: akimaliza kunywesha migomba yake, anayafungulia upande wangu. Hajaninyima hata siku moja, na ninaliandika hili kwa sababu ni kweli. Lakini nilijua kwamba ofisi itatoa kibali kwa kufuata mchoro. Asiyekuwa na mlango kwenye karatasi atakuwa anapewa maji kwa hisani, na hisani ya leo haiwafungi watakaokuja kesho. Niliazimia kwamba katika milango kumi na tisa itakayochorwa, mmoja utakuwa wangu.

Nilianza na programu ninayoijua zaidi, ile ya kuandikia barua. Ndani yake mna visanduku, duara na mishale, na mtu mwenye subira anaweza kuchora. Nilichora siku tano. Siku ya sita nikagundua kwamba nimemsahau jirani mmoja katikati. Niliposogeza visanduku ili kumpa nafasi, mishale haikusogea navyo. Ilibaki pale pale, ikielekeza mahali ambapo hapakuwa na mtu tena, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nilirekebisha mmoja mmoja. Kisha nikagundua nimemsahau jirani wa pili.

Nikashuka mjini, Pasua, kwa rafiki yangu tuliyekaa dawati moja kwenye darasa la kompyuta. Ana duka dogo la vifaa vya kuandikia na mashine za kuchapisha, na ulimi usiopumzika.

"Visanduku vyote hivyo umevichora kwa mkono?" aliuliza. "Shoga, wewe ungeambiwa uhesabu mchele wa Chekereni ungeanza na punje ya kwanza."

Akanionyesha programu ya pili. Hii huchori. Unaandika tu: hiki kwenda kile, kile kwenda kingine, kila uhusiano mstari wake, nayo inapanga visanduku na kuvuta mishale yenyewe. Niliipenda papo hapo. Mimi ni mtu wa sentensi. Niliifungua nyumbani, nikaanza na ninapopajua: mlangoni kwangu. Kutoka kwangu nikaandika jirani wa juu yangu, kutoka kwa huyo nikaandika wa juu yake, na kuendelea hivyo kupanda, kwa sababu hivyo ndivyo mwanamke anavyoujua mfongo. Anamjua anayemtangulia kupata maji, na huyo anamjua anayemtangulia yeye. Banio niliandika mwisho kabisa, kwa kusikia. Kufumba na kufumbua, mchoro ukajitokeza umenyooka kuliko safu za kahawa. Sikuukagua. Niliutazama tu kwa furaha, nikaenda kuuchapisha kwenye karatasi kubwa.

Jumamosi ya tarehe 26 Julai niliutandaza mbele ya kikao. Shemeji alivaa miwani. Akaigeuza karatasi juu chini, akairudisha, akaigeuza tena.

"Shemeji," alisema kwa upole, "hapa maji yanatoka kwako yanakwenda mlimani."

Nilitazama. Mlango wangu ulikuwa kileleni mwa karatasi, banio likiwa chini kabisa, na mishale yote ilitoka kwangu kulielekea.

"Basi shida imekwisha," mmoja alisema. "Zamu tutaomba kwa mama!"

"Mwacheni," akadakia mwingine. "Barafu inayeyuka kule juu, mlima nao una kiu. Mama anaurudishia."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupenga kamasi. Mimi nilicheka nao, ingawa si mara moja. Programu haikuwa na kosa: niliiandikia kutoka mkiani kwenda kichwani, nayo ikanitii neno kwa neno.

Vicheko vilipotulia, shemeji aliweka kidole kwenye kisanduku changu. "Na hiki? Wewe uko ndani ya zamu yangu. Mbona umejiweka peke yako?"

Nilimwambia kwamba mlango wa ndugu yake ulikuwapo zamani.

"Ulikuwapo. Lakini ukiandikwa peke yako sasa, watu watasema kwamba ndugu yangu alipokufa nilimtenga mkewe. Nitaiweka wapi sura yangu? Mchoro utakaokwenda ofisini, uwe ndani yangu."

Mbele ya wanaume kumi na saba, mjane hajibizani na shemeji yake mkubwa, na mimi sipendi kushindwa hadharani. Niliikunja karatasi yangu. Lakini nilipokuwa nateremka kwenda nyumbani niliyarudia maneno yake, na nikaona jambo ambalo kwa miaka kumi na mmoja sikuliona. Nilidhani ananiweka ndani ya zamu yake ili anishike. Kumbe alidhani akiniachia nitaonekana nimetupwa.

Kuyateremsha maji hakukunichosha. Niligeuza kila mstari, aliyekuwa mwanzo akawa mwisho, na kabla chai haijapoa banio lilikuwa juu linapostahili. Hata hivyo programu ile ilionyesha ukaidi wa aina nyingine. Iliwapanga watu kulia na kushoto kama ilivyotaka yenyewe. Aliye ng'ambo ya kulia ya mfongo ilimpeleka kushoto, na nilipojaribu kumvuta haikukubali kuguswa. Kwenye mfongo, ng'ambo si jambo dogo. Watu wa kulia hufanya kazi ya kuzibua wiki moja, watu wa kushoto wiki nyingine.

"Hiyo nayo ni kama fundi cherehani anayejua gauni kuliko mwenye mwili," rafiki yangu wa Pasua aliniambia. "Unamwambia mkono mrefu, anakuletea mfupi, anasema ndiyo fasheni. Chukua hii ya kuburuta. Nakuwekea kwenye flashi, uisakinishe, haitaki bando. Ikikuomba bando, ujue umeibiwa."

Programu ya tatu ilichanganya tabia njema za zile mbili. Kisanduku unakishika kwa kipanya na kukiweka unapotaka, kama ile ya kwanza, lakini mshale ukishaufunga kwenye kisanduku hauachi. Ukikisogeza kulia, unakifuata kulia. Ukikishusha, unashuka. Nilikaa nayo jioni nzima nikimsogeza jirani yangu mmoja huku na huko bila sababu yoyote, nikiutazama mshale wake ukimfuata. Ninakiri nilikuwa na raha kubwa. Wale majirani wawili niliokuwa nimewasahau niliwaingiza katikati na hakuna aliyeng'oka mahali pake. Zile mbili za mwanzo sizidharau: barua bado ninaiandikia ile ya kwanza, na orodha inayobadilika mara kwa mara ningeikabidhi ile ya pili. Ila mfongo una watu wenye mahali pao, na programu inayofaa ni ile inayokubali kwamba mtu ana mahali pake.

Alhamisi ya tarehe 14 Agosti niliibeba kompyuta yangu ndani ya kitenge, nikapanda kwa shemeji.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Leo maji yanakwenda wapi?"

"Leo yanashuka."

Nilimwonyesha mfongo wote kwenye skrini, naye akaufuata kwa kidole kutoka banio, akitaja kila mlango na mwenyewe, hadi akafika kwangu. Nilikuwa nimechora mshale unaotoka kwenye mfongo wenyewe kuja kwenye kisanduku changu.

"Nilikuomba uwe ndani yangu," alisema.

"Ndiyo, shemeji. Nakuchorea sasa hivi." Nikaufuta mshale wangu, nikavuta mwingine kutoka kwenye kisanduku chake kuja kwangu. "Ndivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Sasa tazama." Nikakiburuta kisanduku chake hadi pembeni mwa skrini. Mshale wangu ukavutika, ukapita juu ya vihamba vya watu watatu.

Alitabasamu. "Unanifuata. Si ndiyo vizuri? Haniachi mtu."

"Na hivi je?" Nikakibofya kisanduku chake, nikakifuta.

Kisanduku chake kikatoweka, na mshale uliofungwa kwake ukaondoka nacho. Changu kikabaki peke yake chini ya ukurasa. Mfongo uliendelea kupita pembeni yake, na hakuna kilichoviunganisha.

Alipagusa kwa kidole mahali alipokuwa. Kisha akasema, "Umenifuta, shemeji."

"Kwenye kompyuta tu. Mungu akuzidishie miaka."

"Nirudishe basi! Nirudishe haraka, mke wangu ataingia hapa aulize niko wapi!"

Nilibonyeza vitufe vya kurudisha nyuma, akarudi mahali pake, na mshale pamoja naye. Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Alipomaliza kuifuta hakuivaa.

"Kwa ndugu yangu kitufe hicho hakikuwapo," alisema.

"Hakikuwapo."

Mkewe alileta chai ya maziwa, tukanywa. Kikombe kilipoisha, alivaa miwani na kuisogelea skrini. "Ufunge kwenye mfongo," alisema. "Mlango wako utoke kwenye mfongo wenyewe, palepale ulipokuwa wa ndugu yangu. Lakini nisikilize. Kisanduku chako kiguse changu, na vyote viwili vipakwe rangi moja. Asitokee mtu wa kusema nilikutenga."

"Rangi gani, shemeji?"

"Ya kijani. Kijani cha mgomba ulioshiba, si hicho cha sare za shule."

Nilimtafutia kijani mpaka akaridhika. Ilituchukua muda mrefu kuliko kuchora mfongo.

Kwenye kikao cha Jumamosi ya tarehe 23 Agosti yeye ndiye aliyeisimamisha karatasi mbele ya watu, mlima ukiwa juu, na ndiye aliyeieleza, mlango kwa mlango. Alipofika kwenye visanduku viwili vya kijani alisema, "Huyu ni mimi, na huyu ni mke wa ndugu yangu, ana mlango wake," akahamia ajenda iliyofuata bila kutua. Hakuna aliyeuliza. Niliupeleka mchoro ofisini mwenyewe Jumanne ya tarehe 26, siku tatu kabla ya mwisho, na karani akanigongea muhuri kwenye nakala yangu. Nakala hiyo sasa ina fremu. Iko chini ya cheti cha kidato cha nne.

Alhamisi ya tarehe 4 Septemba ilikuwa zamu yangu ya kwanza. Nilipofika kwenye mlango wa zamani na panga langu, nilimkuta shemeji amekwisha kufyeka majani na anakata udongo kwa jembe. Aliziba mfongo kwa gogo la mgomba, akanipisha nitoboe mwenyewe. Nilitoboa. Maji yaliingia yakiwa mekundu kwa udongo, yakasita kwenye shina la kwanza, kisha yakapata njia, nami nikayafuata kuteremka kati ya migomba.

"Yanashuka?" alipaza sauti kutoka juu.

"Yanashuka, shemeji," nikamjibu, nikamshukuru kwa Kichaga chetu. "Aika."